Maktaba si ya watahiniwa peke yao

Leo Jumamosi tumekwenda tena Maktaba Kuu ya Taifa, hapa Dar es Salaam: mimi, wanangu wawili na baba yangu. Watoto wamelala, na mimi nimeona niandike, maana kuna jambo limenikaa moyoni tangu asubuhi. Ukumbi wa kusomea ulikuwa na watu wengi, na karibu wote walikuwa vijana wa kidato cha nne, cha sita na wa vyuo. Madaftari yao wametoka nayo nyumbani, mitihani ya miaka iliyopita imetandazwa mezani. Walichofuata pale ni kiti, mwanga na utulivu. Familia zilizokuja pamoja zilikuwa za kuhesabu.

Sina neno baya na vijana wale. Nyumba zetu nyingi ni chumba na sebule, televisheni inaongea mchana kutwa na jirani naye kafungulia muziki. Kijana wa mtihani akipata meza mahali palipotulia, ni jambo la kushukuru. Kinachonisikitisha ni kwamba tumeiachia maktaba kazi hiyo moja tu. Mtoto anaikumbuka mtihani ukikaribia, na karatasi ya mwisho ikikusanywa, wameachana hadi mtihani mwingine. Mzazi ndiyo kabisa. Daladala inampitisha mbele yake, barabara ya Bibi Titi, asubuhi na jioni, lakini hajawahi kuuliza mle ndani kuna nini chake.

Na chake kipo. Sheria ya kuanzisha huduma za maktaba ilipitishwa mwaka 1963, Uhuru ukiwa bado mchanga. Jengo lenyewe alilifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru, na sidhani kama siku hiyo ilichaguliwa hivi hivi. Nchi ilikuwa na shule chache na hospitali chache, watu wazima wengi hawajui kusoma, na bado wakaona kwamba maktaba ya umma haiwezi kusubiri mpaka tupate uwezo. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Hofu iliyofuata ilikuwa kwamba mtu aliyejifunza kusoma ukubwani atasahau asipokuwa na cha kusoma, ndiyo maana maktaba zikapelekwa hadi vijijini. Aliyekuwa akifikiriwa hapo ni mkulima na mkewe, pamoja na watoto wao. Mitihani haikuwa hoja.

Baba yangu alifanya kazi reli mpaka alipostaafu. Nyumbani hasomi, anasema macho yamechoka. Akifika maktaba anakwenda moja kwa moja kwenye magazeti, anavaa miwani yake, anainama na kupitisha kidole chini ya kila mstari, midomo ikicheza kidogo. Leo mwanangu wa kiume, ambaye yuko darasa la pili, aliacha kitabu chake akaenda kusimama pembeni ya babu yake. Baba hakumfukuza. Alisogea, akampa nafasi kwenye kiti, wakaendelea wote na habari moja ya bei ya korosho. Mtoto hana habari na korosho! Ila alibaki pale hadi mwisho, naye akiweka kidole chake nyuma ya kile cha babu. Mimi nimemhimiza mtoto huyu asome tangu aanze shule, tena kwa ukali mara nyingine, na sijawahi kumwona ametulia kwenye maandishi namna ile.

Ndiyo maana nawaomba wazazi wenzangu: usimshushe mtoto mlangoni ukaenda zako Kariakoo kumalizia manunuzi. Ingia naye, tafuta kitabu chako, kaa. Simu iache mkobani. Mtoto aliyezoea kuambiwa “nenda kasome” na mtu asiyesoma anajifunza kwamba kusoma ni adhabu ya wadogo, na akikua ataiacha.

Kuna na suala la fedha, ambalo tunaona aibu kulisema. Nikipita duka la vitabu nikaona bei ya hadithi moja yenye picha za rangi, akili inarudi kwenye unga na mafuta. Na kitabu chembamba kama kile mtoto anakimaliza jioni moja, kesho anataka kingine. Ukinunua kwa shida, utamlazimisha akimalize hata kama hakimpendezi, kwa sababu umekilipia. Cha kuazima kina uhuru wake. Binti yangu alichukua kimoja, akasoma kurasa chache, akakirudisha kwenye rafu bila mtu kumwuliza, akachukua kingine kuhusu nyoka. Shuleni vitabu anapangiwa. Pale alijua mwenyewe anachopenda na asichopenda, na hicho nakiona kikubwa kuliko hata kukimaliza kitabu.

Hicho cha nyoka ndicho tulichokuja nacho. Ndani ya jalada kuna karatasi iliyogongwa mihuri ya tarehe za kurudisha, wino mwingine umefifia, mwingine umepinda kama mgongaji alikuwa na haraka. Kwenye daladala binti yangu alizisoma zote kwa sauti. Akasema, “Mama, huyu wa kwanza alikiazima mimi sijazaliwa.” Halafu akataka kujua kama mtu huyo alikuwa anaogopa nyoka, na sasa yuko wapi, na kama bado anakumbuka picha ya koboko. Ameniagiza nikitunze kisiingie mafuta ya chakula, kwa sababu kuna mtu anakisubiri.

Mama mmoja jirani yetu, nilipomsimulia, aliniambia anatamani kuja ila anaogopa wanawe watapiga kelele watimuliwe mbele za watu. Nilimweleza kwamba watoto wana sehemu yao, kwamba wahudumu wamezoea maswali yao, na kwamba kujiunga ni kujaza fomu tu na kutimiza masharti wanayokupa pale mapokezini. Shemeji yangu wa Morogoro naye nimempigia. Maktaba za mikoa zipo, na ya kwao haiko mbali na sokoni anakokwenda kila wiki. Amesema atapita Jumatatu kuuliza saa wanazofungua.

Jirani tumekubaliana tutoke pamoja Jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi, kabla foleni haijawa kubwa. Nimemwomba na mumewe aje. Amecheka, akasema atajaribu kumshawishi kwa magazeti ya michezo.