Paine na Samweli wake

Jumamosi usiku

Wiki hii yote nimeshinda na Thomas Paine. Kijitabu chake, Common Sense, kilichapwa Philadelphia Januari 1776 bila jina la mwandishi, wakati Wamarekani wengi walikuwa wanapigana na askari wa mfalme wa Uingereza huku bado wakitumaini kupatana naye. Paine aliwaambia waachane naye kabisa. Na yeye mwenyewe alikuwa mgeni pale, ana mwaka na ushei tu tangu ashuke melini: Mwingereza, fundi wa zile nguo za kubana kiuno walizovaa wanawake wa Ulaya, kisha mtoza ushuru aliyefukuzwa kazi, amekuja na barua ya Benjamin Franklin, mwanasiasa mashuhuri wa Marekani, ya kumtambulisha.

Katikati ya kijitabu anatoa ahadi. Anasema hana cha kumpa msomaji ila mambo yaliyo wazi, hoja nyepesi na akili ya kawaida. Msomaji naye aweke kando upendeleo wake, apime, aamue. Ndiyo lugha ya karne ile, ya watu walioamini kwamba akili ikiachiwa nafasi itafika kwenye ukweli yenyewe.

Sasa soma anavyoitimiza. William Mshindi, babu wa wafalme wa Uingereza, anamwita mwanaharamu wa Kifaransa aliyetua na genge la majambazi wenye silaha. Kuhusu kurithishana ufalme, anasema maumbile yenyewe yanaudharau, ndiyo maana mara nyingi huwapa watu punda badala ya simba. Nilicheka peke yangu. Ni hoja, sikatai, lakini ni matusi pia, na nadhani matusi yalifanya kazi kubwa kuliko hoja. Mtu aliyezoea kumwinamia mfalme akishamcheka mara moja, kumwinamia tena kunakuwa kazi. (Hesabu nazo zipo: toleo lililoongezwa linaonyesha hadi gharama ya kuunda manowari ya mizinga 100, pauni 35,553. Kurasa hizo nilizipita haraka.)

Kilichoninyima usingizi ni Biblia. Paine anatumia kurasa nzima kuthibitisha kwamba Mungu hataki wafalme. Anaanza na Gideoni anayekataa kutawala, yeye na mwanawe. Kisha anakuja 1 Samweli 8 na kuinakili karibu yote. Nikafungua Biblia yangu nifuate mstari kwa mstari: Waisraeli wanadai mfalme kama mataifa mengine, Samweli anawaonya kwamba atawatwaa wana wao kwa magari yake ya vita, binti zao kwa jikoni, mashamba yao ya mizabibu awape watumishi wake. Paine anasimama penye kila kipengele na kusema, haya, si ndivyo wafalme walivyo mpaka leo? Kwa wakulima waliolelewa na kitabu hicho, sijui ungewajibu nini.

Halafu nikakutana na maandishi ya John Adams, mwanasiasa wa mapinduzi yale aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Anasimulia kwamba alimwambia Paine hoja zake za Agano la Kale ni za kuchekesha, haamini kama alizisema kwa moyo. Paine akacheka, akasema sehemu ile aliitoa kwa Milton, yule mshairi Mwingereza wa karne ya kumi na saba, kisha akaonyesha dharau kwa Agano la Kale na Biblia nzima.

Adams aliandika hayo miaka mingi baadaye, na alikuwa hampendi Paine hata kidogo, kwa hiyo nayapokea kwa tahadhari. Lakini 1794 Paine alianza kutoa The Age of Reason, na humo anaishambulia Biblia waziwazi. Kicheko kile kinaaminika.

Je, alidanganya? Nimelizungusha swali hili siku kadhaa. Kumwambia mtu "kwa kitabu chako mwenyewe, mfalme hafai" ni mjadala halali. Mawakili hufanya hivyo kila siku. Ila Paine hasemi "kitabu chako". Anaandika kwamba maneno yale yako wazi, kwamba Mungu ama alipinga ufalme ama Maandiko ni ya uongo. Sentensi hiyo nimeirudia mara kadhaa. Kwa msomaji wa 1776, upande wa pili haufikiriki, kwa hiyo anabaki na mmoja tu. Kwa mwandishi, kama Adams anasema kweli, pande zote mbili zilikuwa wazi, na labda ule wa pili ndio aliouona wa kweli. Kiufundi hajasema uongo. Ni ujanja wa hali ya juu, na kadiri ninavyoustaajabia ndivyo imani yangu kwake inavyopungua.

Alipoacha ujanja na kuandika alichoamini kuhusu dini, alilipa. Alirudi Marekani 1802 akitukanwa kuwa kafiri, Waquaker, dhehebu la Kikristo, wakakataa kumzika kwao, na alipofariki 1809 waliomsindikiza kaburini walikuwa wachache mno.

Kesho namtafuta Milton. Nataka kuona kama yeye aliyaamini.