Kiduara kilivyonichezea shere

Jana nimepoteza karibu saa nzima kwa ajili ya kiduara kimoja. Nilikuwa natafuta "37°" kwenye faili refu la vipimo vya joto. Naiona kabisa kwa macho, lakini kompyuta inasisitiza haipo. Nikadhani programu imeharibika. Kumbe aliyeandika faili (mimi mwenyewe, mwaka jana!) aliweka º badala ya °.

Ziangalieni vizuri. Ile º ni herufi o ndogo iliyoinuliwa. Wahispania na Wareno huitumia kuandika "wa kwanza", yaani 1º, na namba yake katika Unicode, yaani orodha inayoipa kila herufi namba yake kwenye kompyuta, ni U+00BA. Alama ya nyuzi ni U+00B0. Kwa macho ni mapacha, kwa kompyuta hata hawajuani. Na kwenye Mac yenye kibodi ya Kimarekani kukosea ni rahisi mno: Option na 0 inakupa ile ya Kihispania, ya nyuzi ni Option, Shift na 8. Kwenye Windows shikilia Alt, kisha andika 0176 kwa vitufe vya namba vya pembeni. Kwenye iPhone, bonyeza 0 bila kuachia.

Halafu kuna ile "37°C" ambayo nilikuwa nadhani ni virusi. UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi unaotumika sana leo, huhifadhi alama ya nyuzi kwa baiti mbili, C2 na B0. Programu inayosoma kwa mfumo wa zamani wa Latin-1, ambao kila baiti ni herufi moja, huona herufi mbili, ndiyo  inajitokeza bila kualikwa.

Zile º za kwenye faili nimezibadilisha zote. Zilikuwa 214.