Sambaza za Kadutu

Leo asubuhi jirani kakaanga sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Harufu ilipoingia dirishani, mkono ukaenda wenyewe chini ya mtulinga wa kushoto, kukipapasa kisanduku kilichopandikizwa humo, kinachoupiga moyo umeme ukienda mbio za kuua. Bibi yangu akaniona, akanyamaza.

Siku ile nilikuwa natoka soko la Kadutu na mfuko wa sambaza, wageni wako njiani, nikaupanda mlima bila kupumzika. (Bukavu hakuna tambarare, mnajua.)

Mchi ukanishukia. Sina neno jingine: mchi wa kutwangia sombe, ila kinu ni kifua changu na anayetwanga yumo ndani. Nikasikia mtu akipiga ukelele, kumbe ni mimi. Bado najiuliza nani kanipiga, pigo la pili likaja. Magoti yakalegea, sambaza zikamwagika vumbini, zinang'aa. Wauza maparachichi wakatawanyika, mmoja akilia kwamba papa kapigwa na radi, na mbingu nyeupe kabisa, katikati ya kiangazi. Hofu ikauongezea moyo mbio, mbio zikaleta la tatu.

Mama mmoja mzee hakukimbia. Alichuchumaa, akaokota sambaza mojamoja, anapuliza vumbi, anarudisha mfukoni. "Papa, pumua. Hazijaharibika." Nikawa napumua kila anapookota. La nne halikuja.

Hospitalini Nairobi, mashine ikasoma yote yaliyohifadhiwa ndani ya kisanduku. Moyo haukuwa na kosa siku hiyo, ulikuwa unapanda mlima tu: mapigo 178 kwa dakika. Walionipandikiza waliweka kikomo 170, kisanduku kikadhani ni ule mwendo unaoua. Daktari akapandisha kikomo hadi 200, akakipanga kisanduku kisubiri kidogo kabla ya kupiga. Akasema tangu utafiti mkubwa wa 2012 inajulikana kwamba kupanga hivyo hupunguza mishtuko ya bure, na vifo pia. Nikamuuliza mbona changu, kilichowekwa miaka minne baadaye, hakikupangwa hivyo. Akaitazama kalamu yake.

Hasira haikunikaa. Kisanduku hichohicho kiliwahi kunirudisha, usiku mmoja, kutoka mahali ambapo watu hawarudi. Mlinzi akikupiga rungu akidhani wewe ni mwizi, na mwezi uliopita alimpiga mwizi kweli, utamgombezaje?

Mchana bibi akauliza nani ataenda Kadutu. Nikasema mvua inakuja.

Tuko Julai. Akamtuma mtoto.