Siku rubani alipogeuza ndege

Masika ya mwaka 2019 nilipanda Cessna Caravan kutoka Tanga kwenda Pemba. Ni ile yenye pangaboi moja puani na mabawa juu ya madirisha. Kando yangu alikaa bibi mmoja wa Chumbageni, anakwenda Chake Chake kwenye hitima ya kaka yake. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza, "Mwanangu, injini moja tu, na bahari yote hii?"

Ajali za ndege hii nazifuatilia kwa miaka, kwa hiyo nilimsimulia ya Hawaii. Desemba 2013 injini ya Caravan ilizima juu ya bahari karibu na Molokai. Rubani akaiteremsha majini, na kati ya watu tisa wakanusurika wanane. Bibi akainama kupapasa boya lake chini ya kiti.

Ya milimani sikumsimulia. Kwenye nchi za baridi kali, Caravan kadhaa zimeangushwa na barafu iliyoganda kwenye mabawa. Kwetu huku kinachoua ni wingu lenye mlima ndani yake. Novemba 2017 moja iligonga ukingo wa kreta ya Empakai, Ngorongoro, wakafa watu 11. Juni 2018 nyingine ikaishia milima ya Aberdare, Kenya, wakafa 10. Ndiyo maana mimi injini hainitishi sana. Namtazama rubani.

Na kwenye Caravan unamwona. Tulipouacha mwambao, mbele palikuwa peusi kuanzia majini hadi juu, Pemba haionekani kabisa. Akainama kidogo, akazungumza na redio, akajaribu upande wa kusini. Huko nako kumeziba. Bila kusitasita akageuza, tukarudi Tanga.

Tuliposhuka, bwana mmoja alimvaa: ana mzigo wa biashara unaomsubiri, nani atamlipa? Rubani, kijana tu, akamjibu kwa upole, "Mzee, kule sioni. Nisipoona siendi." Nilitamani kumkumbatia. Najua ni marubani wangapi duniani walijiambia watapenya tu, na abiria wao hawakupata hata nafasi ya kulalamika.

Bibi ndiye aliyenyamazisha maneno. "Muacheni mwanangu. Hitima ni kesho baada ya adhuhuri, na mimi nataka niisome, nisisomewe."

Asubuhi yake kulitakata. Tukavuka na rubani yuleyule, na bibi akaiwahi hitima ya kaka yake.