Boma la kuhamahama Laikipia: ng'ombe walale siku ngapi?

Udongo mwekundu wa Laikipia, nchini Kenya, ukishapoteza nyasi hujifunga gamba. Mvua ikinyesha, maji hayazami. Yanateremka na mbegu na mchanga hadi korongoni. Kupumzisha ardhi ya namna hiyo bila kitu kingine mara nyingi hakutoshi, waweza kuizungushia ua miaka kadhaa na bado ukalikuta gamba lilelile. Kwato hulivunja, samadi hurudisha rutuba, na boma la kulaza ng'ombe linaloweza kung'olewa na kuhamishwa huleta vyote viwili mahali unapotaka.

Tupige hesabu. Ng'ombe wa kilo 300 hutoa takriban kilo 15 za kinyesi kibichi kwa siku, karibu nusu yake akiwa bomani. Ng'ombe 200, kila mmoja akipewa mita 4 za mraba, wanataka duara la kipenyo cha mita 32: paneli 34 za chuma, kila moja mita 3. Kila usiku wanaacha tani moja na nusu hivi. Baada ya wiki kwato zimeshachanganya samadi na udongo uliolegea, na safu bado ni nyembamba kiasi cha mche wa nyasi kuipenya.

Hapo kwenye wiki ndipo watu huharibu. Kubeba paneli ni kazi nzito, basi boma linaachwa mwezi, miezi miwili. Samadi inakuwa nene na kushikana, mkojo unaunguza mbegu, na kinachotangulia kuota ni magugu tu. Maboma ya zamani ya miiba, yaliyokaliwa muda mrefu, nayo huishia kuwa uwanda mzuri wa nyasi fupi, ila kwa kungoja miaka mingi. Yakishafika hapo hayachoki upesi: utafiti uliochapishwa 2018 ulikuta katika maeneo ya wafugaji wa kale kusini-magharibi mwa Kenya udongo wenye rutuba kuliko wa jirani, zaidi ya miaka 1,500 baada ya mifugo kuondoka.

Weka boma juu ya kipara chenyewe, pale pasipo nyasi, si pembeni penye nyasi eti kwa sababu ng'ombe watalala vizuri zaidi. Epuka mteremko unaoelekea korongoni, la sivyo mvua ya kwanza itaiosha samadi yote. Kama nyasi za kuleta mbegu ziko mbali, mwaga mbegu kabla ya usiku wa mwisho, zikandamizwe na kwato. Udongo mweusi wa mfinyanzi ni habari nyingine: mvua zikianza unageuka tope la magotini na kwato zinaoza, kwa hiyo huko walaze ng'ombe kiangazi tu.

Angalia pia ng'ombe walikula wapi mchana. Wakipita penye mpungate, ule mmea wa jamii ya kakati, na kula matunda yake, mbegu zinatoka nzima kwenye kinyesi, nawe umepanda mpungate kwa mikono yako mwenyewe.

Dawa ya minyoo ya ivermektini hupita kwenye kinyesi na kuua mabuu ya mbawakawa wa mavi, wadudu wanaofukia samadi ardhini. Usiitoe wiki ya boma. Kuogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe kusikatizwe. Ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, haingoji ratiba ya malisho, na ng'ombe waliooga huwapunguza kupe hata kwa wanyamapori, maana kupe wanaowapanda wanakufa.

Ukishahamisha, ng'ombe wasirudi hapo kwa misimu miwili ya mvua. Swala pala na punda milia watakuja bila kualikwa, na hilo ndilo tunalotaka: wanaziweka nyasi fupi na kuongeza mbolea yao. Shida ni boma moja likiwa peke yake katikati ya vipara, maana wote wanalimiminikia na kung'oa miche michanga. Hamia hatua chache tu kutoka boma la kwanza, kisha la tatu, hadi vipara viungane. Kabla ya kuwarudisha ng'ombe, vuta shina la nyasi kwa mkono. Likitoka na mizizi, bado.