Bomba la Hoover na faneli ya Malindi

Kwenye uwanja mdogo kama wa Malindi, ndege ndogo mbili, Cessna 206 na Caravan, zinaweza kulala sambamba usiku mmoja. 206 ina injini ya pistoni, inakunywa petroli ya ndege. Caravan ni ya tabo, yaani injini ya tabaini, inakunywa Jet A-1, jamaa wa karibu wa mafuta ya taa. Ukiitia 206 Jet A-1, haifiki mbali.

Rubani Mmarekani Bob Hoover yalimpata. Vita vya Pili vya Dunia alirusha Spitfire, akaangushwa 1944 karibu na pwani ya Ufaransa, akafungwa Ujerumani, akatoroka kwa ndege ya adui. Baadaye, kwa miaka mingi, aliwaonyesha wateja wa kampuni ya ndege ya Rockwell uwezo wa Shrike Commander, ndege ya makampuni yenye injini mbili za pistoni. Mwaka 1989, California, mjazaji mafuta aliidhania ya tabo kwa kuwa inafanana mno na Turbo Commander, akaitia mafuta ya tabo. Injini zote mbili zilikufa baada tu ya kuruka. Hoover na abiria wake walinusurika, naye akataka kijana yuleyule ndiye amjazie kesho yake.

Mbona iliruka kwanza? Petroli iliyobaki kwenye mirija ndiyo huwasha injini, hata ukaguzi wa kabla ya kuruka unapita. Jet A-1 ikifika kwenye injini, oktani (uwezo wa mafuta kutolipuka ovyo) inaporomoka, mafuta yanalipuka ovyo ndani ya silinda badala ya kuwaka kwa mpangilio, joto linapanda, pistoni zinatoboka.

Ndipo ukaja mdomo wa bomba la Jet A-1 wenye jina la Hoover: bapa, upana milimita 67 hivi, wakati tundu la tangi la petroli likivishwa pete hubaki 60. Hauingii. Lakini faneli na mtungi huingia popote, na helikopta nyingi hudai mdomo mwembamba, kwa hiyo kinga hii ina mwanya.

Neno “Turbo” ubavuni pia hudanganya: 206 yenye tabochaja, kifaa cha kusukuma hewa zaidi kwenye injini ya pistoni, bado ni ya petroli. Agiza mafuta kwa jina na lita, na usimame hapo yakitiwa. Kisha chota sampuli. 100LL, petroli ya ndege ya kawaida, ni ya buluu, ila usiiamini rangi peke yake, na usingoje Jet A-1 ituame chini kama maji, inachanganyika. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli tupu hukauka isiache kitu. Ukiona duara la mafuta, ndege haiondoki: matangi yamwagwe na mirija isafishwe hadi kwenye injini.