Siku moja maishani mwangu: muuza moduli za mtandao, Dar es Salaam

Saa 11 alfajiri naamka, saa 1 na nusu niko ofisini Kijitonyama. Watu wakisikia nafanya kazi ya intaneti wananiomba bando. Mimi nauza moduli: kipande cha chuma kama kidole gumba, ndani kina leiza. Unakichomeka kwenye swichi, ile mashine inayounganisha na kugawa mtandao, mbele yake unachomeka uzi wa faiba. Pasipo hicho, mkongo wote uliozikwa barabarani ni kioo tu.

Saa 2 hadi saa 4 ni kujibu maombi ya bei, kufuatilia mzigo forodhani na kuprogramu moduli ziendane na aina ya swichi ya mteja. Zamani oda zangu karibu zote zilikuwa za gigabiti 10 kwa sekunde. Sasa hata mtoa huduma mdogo wa mtaani anaulizia 100, na ana haki. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika hapa 2009, wa EASSy ukafuata 2010, kwa hiyo baharini njia ipo. Huku mtaani, poti (tundu la kuchomekea) moja ya GPON, teknolojia ya kugawa faiba majumbani, hubeba takriban gigabiti 2.5, wanagawana nyumba 32 au 64. Ukiwahamishia wateja kwenye XGS-PON, toleo lake jipya zaidi, poti hiyo moja inapanda hadi 10. Ukiwa na poti 16 za namna hiyo, zote zinatokea kwenye mlango mmoja wa gigabiti 10, wateja watakupigia simu kila jioni.

Saa 5 ikaingia simu kutoka Kawe. "Dada, mzigo wako mbovu. Nataka hela yangu."

Mwezi uliopita kaka huyu alinunua moduli mbili za gigabiti 100. Nilimuuliza aina ya swichi, akaniambia nilete tu, anajua anachofanya. Nikapanda bajaji. Foleni ya Mwenge ilitushika, jua limesimama utosini, na simu yake ikawa inaita kila baada ya dakika tano. Nilipofika, bosi wake alikuwa amesimama pale chumba cha mitambo, na maneno yakaanza upya, safari hii kwa sauti. Sikujibu. Nilisafisha ncha ya faiba, maana chembe moja ya vumbi inatosha kuzuia mwanga. Nikapima mwanga: upo, mzuri kabisa. Poti bado imekufa.

"Kaka, naomba nione lebo ya swichi."

Poti zilikuwa za gigabiti 40. Moduli ya 100 ina umbo lile lile, inaingia na kushika sawasawa, lakini poti ya 40 haiwezi kuiendesha. Nilimweleza taratibu, mara mbili, kisha mara ya tatu kwa bosi wake. Bosi akauliza kwa nini hatukugundua mapema. Nilinyamaza, nikamtazama kaka, naye akatazama sakafu. Nilikuwa na hasira, lakini moyoni nilimhurumia: swichi mpya bajeti yake haikuiruhusu, na wateja wanamlaumu yeye kila usiku.

Nikakubali kubadilisha. Moduli za 40 tunazo stoo, zinafika kilomita 10 kwa jozi moja ya nyuzi, na ncha ya pili ya uzi wake iko Mikocheni tu. Kurudi Kijitonyama, kuziprogramu, kurudi tena Kawe, halafu Mikocheni. Chakula cha mchana sikukumbuka. Miguu ilikuwa imevimba, jua lilishazama, saa sikuitazama tena.

Taa ya kijani ilipowaka Mikocheni, nilikaa chini sakafuni. Kaka akanitumia picha ya grafu ya matumizi ya wateja wake, kwa gigabiti. Kila usiku mstari wake ulikuwa ukifika 10 unalala, umenyooka kama umekatwa kwa panga, hadi watu walale. Sasa ulikuwa 11. Baada ya muda akatuma nyingine: 13, na bado unapanda.

"Dada, samahani kwa asubuhi," akaandika. "Ile swichi ya 100, niandikie bei yake."

Nimemwandikia nikiwa kwenye daladala.